Istilahi na Usikivu: Umanjano wa Mtoto Mchanga

Wafasiri wengi, wakutanapo na hali inayogeuza macho na ngozi ya mtoto mchanga kuwa rangi ya manjano, huandika "homa ya manjano". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina hilo halifai, na kwamba kosa la istilahi laweza kumgharimu mtoto usikivu wake.

Kwanza, homa ya manjano ni ugonjwa mwingine, uletwao na virusi na kuenezwa na mbu. Pili, mtoto mwenye umanjano aghalabu hana homa. Mama aliyeambiwa "homa" atamgusa mwanawe kwenye paji la uso, na asipoona joto ataridhika. Neno "safura" nalo halitusaidii. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake lina maana ya umanjano. Lakini katika Kiswahili limekwisha kuhamia kwenye ugonjwa wa upungufu wa damu uletwao na minyoo.

Huko Ulaya pia jina lilitangulia maarifa. Mwaka 1875 Johannes Orth wa Ujerumani alieleza habari za maiti ya mtoto mchanga aliyekuwa na umanjano mkali, ambaye sehemu za ndani za ubongo wake zilikutwa zimeingia rangi hiyo. Mwaka 1904 Christian Schmorl akaiita hali hiyo "kernikterus": "kern" kwa Kijerumani ni kiini, na "ikterus" ni neno la asili ya Kiyunani lenye maana ya umanjano. Jina lilitaja kile alichokiona mpasuaji wa maiti. Halikusema lolote juu ya sikio la mtoto aliyenusurika.

Rangi hiyo ni bilirubini, itokanayo na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Ini la mtoto mchanga halijakomaa kuiondoa upesi. Ndiyo sababu watoto wapatao 60 katika kila 100 waliozaliwa kwa miezi kamili huwa na umanjano katika juma la kwanza. Wengi hupona bila madhara. Lakini bilirubini ikizidi mno hupenya ubongoni, ikadhuru neva ya kusikia na vituo vipokeavyo sauti. Sikio lenyewe laweza kubaki zima, ila habari zake hazifiki.

Mwaka 1978 David Kemp wa Uingereza alitangaza kwamba sikio zima hutoa mwangwi wake lenyewe, na kipimo cha watoto wachanga kikajengwa juu ya ugunduzi huo. Hata hivyo, mtoto aliyedhuriwa na bilirubini aweza kufaulu kipimo hicho na bado asifahamu maneno, kwani kilichopimwa ni sikio, si njia iendayo ubongoni. Huyo huhitaji kipimo cha umeme wa shina la ubongo. Ilikuwa mwaka 1996 ndipo Arnold Starr na wenzake walipoipa hali hiyo jina linalotaja neva ya kusikia.

Tiba ilikwisha kujulikana zamani. Mnamo mwaka 1956, muuguzi J. Ward wa hospitali ya Rochford, Uingereza, alitambua kwamba ngozi ya mtoto iliyopata jua hupoteza umanjano; na mwaka 1958 madaktari wa hapo wakachapisha habari za tiba ya mwanga wa taa. Basi mtoto akifikishwa hospitali mapema, usikivu wake waweza kuokolewa.

Kwa hiyo twapendekeza "umanjano wa mtoto mchanga" kwa dalili yenyewe, "umanjano wa ubongo" kwa kernikterus, na "hitilafu ya neva ya kusikia" kwa madhara yake katika usikivu. "Homa ya manjano" iachiwe ugonjwa wa mbu. Tena mfasiri asiandike "ngozi" peke yake: kwa mtoto mweusi, rangi hii huonekana vizuri zaidi katika weupe wa macho na ufizi. Mama akiambiwa mahali pa kutazama, hatangoja joto lisilokuja.