Makaisari wa Ubao na Pwani Iliyorukwa

Kunduchi, kaskazini mwa Kinondoni, kuna makaburi ya kale yenye nguzo zilizopachikwa mabakuli ya Kichina. Pwani hii ilifanya biashara na dunia zamani sana. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakuta mji uliostawi. Lakini Ujerumani, mafundi wa Ulm walipochapa Jiografia ya Ptolemy mwaka 1482 kwa ramani zilizochongwa kwenye mbao, hawakuiweka Kilwa. Waliweka Rhapta, bandari ambayo Ptolemy aliisikia akiwa Alexandria karne ya 2, enzi za Dola ya Rumi. Tulionyeshwa tulivyosimuliwa miaka 1,300 nyuma.

Warumi wenyewe walifanyiwa kinyume chake: walichorwa kama watu wa siku za wachapaji wao.

Kuchonga ubao wa picha ni kazi ya jasho. Fundi huondoa kila pasipotakiwa wino, na huchonga kinyume, kushoto kuwe kulia. Wachonga vinyago wa Mwenge wataelewa kwa nini ubao mzuri hautupwi. Historia ya dunia iliyochapwa Nuremberg mwaka 1493 ina picha 1,809 zilizotoka kwenye mbao 645 tu; uso uleule humtumikia mfalme huyu na yule. Anayeuliza kama kaisari fulani kweli alikuwa na pua ile anajisumbua bure.

Mwaka 1505 Johann Schöffer wa Mainz alichapa historia ya Rumi kwa Kijerumani, kwa sehemu kubwa kutoka kwa Livy, mwanahistoria wa Rumi ya kale. Humo Warumi wamevaa deraya za Wajerumani wa siku zile. Wengine huita huo ujinga, mimi sikubali. Kitabu kilitolewa kwa heshima ya Maximilian, mfalme wa Wajerumani aliyejihesabu mrithi wa makaisari, na mrithi hupenda babu wanaofanana naye.

Mwaka huohuo, Julai, Mreno Francisco de Almeida aliiteka Kilwa. Agosti akaichoma Mombasa. Msafarani alikuwamo Balthasar Springer, wakala wa matajiri wa Augsburg, ukoo wa Welser. Kutokana na habari zake, Hans Burgkmair wa mji huohuo alichora mwaka 1508 msururu wa picha za watu waliokutwa katika safari ile. Burgkmair huyuhuyu alikuwa akimchorea mwanazuoni Konrad Peutinger, aliyeoa kwa akina Welser, nyuso za makaisari kwa kufuata sarafu za kale. Kaisari alikuwa na sarafu yake mezani kwa mchoraji. Sisi tulikuwa na maneno ya Springer, na hayo nayo yalipunguzwa: vichwa vya makundi katika picha zile ni Guinea, Algoa, Arabia na India. Kilwa na Mombasa, miji ambayo Springer aliiona ikivamiwa, haikupewa kundi lake.