Chema Chajiuza? Mshairi Morris na Viti vya Mwaloni

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, huko Uingereza, walitokea watu walioishi kwa imani ya namna hiyo, wakaitia katika mtihani wa randa na patasi. Walishikilia kwamba kiti kilichoundwa na fundi aliye huru, kwa mbao za kweli na bila ya hila, kitakuwa bora kuliko kiti cha kiwandani, na kwamba hata mtu aliyekiunda atakuwa bora kwa kukiunda. Harakati yao ilikuja kuitwa Arts and Crafts, yaani sanaa na kazi za mikono. Na mhimili wake hakuwa seremala, bali mshairi: William Morris.

Morris alizaliwa mwaka 1834 Walthamstow, karibu na London, katika nyumba ya wenye uwezo. Watu wengi wa zama zake walimjua kwanza kwa utungo wake mrefu, The Earthly Paradise, uliotoka baina ya mwaka 1868 na 1870. Lakini tangu alipokuwa kijana chuoni Oxford, alikuwa ameingiwa moyoni na maneno ya John Ruskin. Katika juzuu ya pili ya The Stones of Venice, iliyotoka mwaka 1853, Ruskin alitoa hoja nzito: pale ambapo mmoja hufikiri tu na mwingine hutenda tu, wa kwanza huwa bwana asiyejua kazi na wa pili hugeuzwa chombo. Kasoro ndogo ndogo za wachonga mawe wa kale, kwa maoni yake, zilikuwa ushahidi kwamba aliyeshika tindo alikuwa mtu, wala si mashine. Kwa msemaji wa Kiswahili hoja hii haina ugeni, maana neno fundi halimtengi aliyebuni na aliyeunda. Katika Uingereza ya viwanda, wawili hao walikuwa wamekwisha kutengana.

Utengano huo ulionekana wazi katika samani. Mwaka 1851 yalifanyika Maonyesho Makuu mjini London, yakazuriwa na watu zaidi ya milioni 6. Samani nyingi zilizooneshwa zililemewa na mapambo: majani, matunda na wanyama, mpaka mtazamaji hakujua kiti kinaanzia wapi na nakshi inaishia wapi. Madukani nako, mbao duni zilivikwa ngozi nyembamba ya mti wa thamani kwa gundi, na nakshi zikabandikwa juu. Cha rahisi kilijifanya ghali, na aliyekitengeneza hakujulikana.

Morris alipooa mwaka 1859, alijengewa nyumba huko Bexleyheath na rafikiye, msanifu Philip Webb. Nyumba hiyo, iliyoitwa Red House kwa wekundu wa matofali yake, ilipokamilika mwaka 1860 haikupata madukani samani za kuipendeza. Basi marafiki wakaunda zao wenyewe. Miongoni mwa vitu vilivyoingia humo ni kabati la nguo alilolipaka picha Edward Burne-Jones, kutokana na hadithi ya mshairi Chaucer. Kutokana na kazi hiyo ya pamoja, mwaka 1861 ilizaliwa kampuni ya Morris, Marshall, Faulkner & Co., ambayo mwaka 1875 ilibaki mikononi mwa Morris peke yake. Kampuni ilitengeneza samani za kifahari zenye michoro, lakini kilichoenea zaidi ni kiti chepesi kilichoitwa kiti cha Sussex: miguu na mgongo wa mbao za kukerezwa, kikalio cha nyasi za majini zilizosokotwa, kwa mfano wa viti vya mashambani.

Waliofuata baada yake waliendelea mbele zaidi. Ernest Gimson wa Leicester alikutana na Morris mwaka 1884, Morris alipokwenda kuhutubia mjini humo. Mwaka 1890 Gimson, msanifu majengo aliyesoma, alikwenda kijijini Bosbury akakaa chini ya Philip Clissett, mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyekuwa akikereza viti kwa mashine ya kukanyaga kwa mguu. Mwanachuoni akawa mwanagenzi. Miaka michache baadaye Gimson, pamoja na ndugu wawili Ernest na Sidney Barnsley, waliiacha London wakahamia vilima vya Cotswolds, ambako hatimaye karakana zao zilikuwa jirani na kijiji cha Sapperton. Sidney alifanya kazi peke yake, akipasua, akiranda na kuunga kwa mikono yake mwenyewe.

Mtindo wao ulikuwa na kanuni chache. Mti wenyewe uonekane, aghalabu mwaloni, bila kufunikwa kwa rangi nzito. Umbo litokane na matumizi: meza iwe meza. La tatu, lililo kubwa, ni kwamba kiungo kisifichwe. Ulimi wa ubao mmoja ulipenya tundu la mwingine mpaka ukatokeza upande wa pili, ukakazwa kwa kabari iliyoachwa hadharani. Pembe za masanduku zilishikana kwa meno yaliyokatwa mfano wa mkia wa njiwa, na mtazamaji aliweza kuyahesabu. Mpenzi wa ushairi atalifahamu jambo hili upesi. Katika shairi la mizani nane kwa nane, kina hakifichwi. Huwekwa wazi, cha kati na cha mwisho, na sikio hukingojea. Kinachoshikanisha ubeti ndicho kinachoupamba. Mafundi wa Cotswolds walitaka meza isomeke vivyo hivyo.

Hata hivyo, palikuwa na mwiba ndani ya ua. Kazi ya mkono huchukua siku nyingi, na siku za fundi anayelipwa kwa haki zina gharama. Samani zilizobuniwa ili kumrudishia mfanyakazi heshima yake zikaishia katika majumba ya matajiri. Seremala hakuweza kununua meza aliyoiunda. Morris aliliona jambo hili, nalo likamtesa. Mwaka 1883 alijiunga na chama cha kijamaa, na tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 1896 alisisitiza kwamba sanaa haiwezi kupona ikiwa jamii yenyewe ni mgonjwa.

C. R. Ashbee alijaribu njia ya ushirika. Mwaka 1888 alianzisha Guild of Handicraft katika mitaa ya maskini ya mashariki mwa London, na mwaka 1902 mafundi wake walihamia pamoja na familia zao katika mji mdogo wa Chipping Campden. Walikuwa na karakana, maktaba, nyimbo na michezo ya kuigiza. Lakini soko lilikuwa mbali, na maduka makubwa yaliuza mifano ya kazi zao kwa bei ya chini. Kufikia mwaka 1908 ushirika ulikuwa umevunjika.

Ng'ambo ya bahari, Marekani, Gustav Stickley alishika njia nyingine. Mwaka 1901 alianzisha jarida la The Craftsman, na toleo la kwanza akaliweka wakfu kwa Morris. Yeye hakuikataa mashine: iliranda na kukata, na mkono ukamalizia. Mwaloni ulipasuliwa kuelekea kiini ili mishipa yake ing'are, kisha ukafukizwa kwa mvuke wa amonia mpaka ukaiva rangi ya hudhurungi. Samani zake zilibeba maneno ya Kiholanzi yenye maana ya kadiri niwezavyo. Viti vyake viliingia katika nyumba za watu wa kati ambazo Gimson hakuzifikia. Lakini mwaka 1915 naye alifilisika, na mwaka uliofuata jarida likafungwa.

Je, chema kilijiuza? Kwa hesabu ya soko, hakikujiuza. Mafundi wengi walikufa bila utajiri, na viti vyao leo huwekwa katika majumba ya makumbusho, ambako haruhusiwi mtu kuvikalia. Lakini palipokuwa na hasara ya biashara palibaki suala lisilofilisika. Kila anunuaye kiti hununua pia siku za mtu fulani, na namna mtu huyo alivyozitumia. Morris na wenzake hawakuweza kuifanya bei hiyo iwe nyepesi kwa wote. Walichoweza ni kuuacha ulimi wa ubao utokeze nje, ili kila akitazamaye kiti ajue kwamba palikuwa na mkono.