Raga Ilivyotoka Mikononi mwa Walowezi

Raga ililetwa Afrika Mashariki na walowezi na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Klabu ya Nondescripts ilianzishwa Nairobi mwaka 1923, Kenya Harlequin ikafuata 1952, na mwaka 1953 kikaundwa chama cha raga cha Afrika Mashariki, RFUEA. Klabu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziligombea Kombe la Enterprise, lililopewa jina la manowari ya Kiingereza. Mwaka 1955 British Lions, wakirejea kutoka Afrika Kusini, walipita Nairobi wakaichapa timu ya Afrika Mashariki 39-12. Mwafrika hakuwa na nafasi katika mchezo huo.

Kilichobadilisha hali Kenya ni shule. Baada ya uhuru, shule ya Kizungu ya Prince of Wales iliitwa Nairobi School na ile ya Duke of York ikawa Lenana. Wavulana Waafrika walioingia humo walikuta viwanja, milingoti yenye umbo la H na walimu wanaoujua mchezo. Walipomaliza masomo walitafuta pa kuendelea kuchezea. Mwaka 1977 ikazaliwa Mwamba, klabu ya Wakenya weusi, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanzisha Mean Machine. Zote mbili zilikuta ligi ya Kenya Cup, iliyoanza 1970, ikizisubiri. Hapo ndipo siri ilipo: kijana aliyetoka shuleni alikuwa na klabu ya kumpokea, na klabu ilikuwa na mechi za kucheza msimu mzima.

Hata hivyo, kwa muda mrefu raga ilibaki mchezo wa Nairobi. Iliyoitoa huko ni raga ya wachezaji saba kila upande. Mechi yake ni dakika 14 tu, saba kila kipindi, hivyo mashindano mazima humalizika kwa siku mbili na mji mdogo unaweza kuyaandaa. Mzunguko wa kitaifa hupita Nakuru kwa Prinsloo, Mombasa kwa Driftwood na Kisumu kwa Dala, na vijana wa miji hiyo huwaona wachezaji wa taifa kwa macho yao. Upande wa magharibi, Kakamega ilishakuwa na shule iliyosifika kwa raga. Kampuni ya sukari ya West Kenya ilipoidhamini timu ya Kabras, vipaji vya huko vikapata pa kwenda karibu na nyumbani, na mwaka 2016 Kabras ikatwaa Kenya Cup.

Mwaka huohuo, mwezi Aprili, timu ya taifa ya wachezaji saba, Shujaa, chini ya kocha Benjamin Ayimba iliifunga Fiji 30-7 katika fainali ya mashindano ya Singapore. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Kenya katika mashindano ya mfululizo wa dunia, na ushindi mkubwa kweli kweli. Raga ya wachezaji 15 haijafika huko. Kenya haijawahi kucheza Kombe la Dunia. Mwaka 2014 ilikaribia, ikakwama Antananarivo mbele ya Zimbabwe. Skramu, yaani wachezaji wa mbele wa pande mbili kusukumana bega kwa bega, haijengwi kwa mashindano ya siku mbili. Inataka watu wazito waliofunzwa kwa miaka mingi.

Tanzania haikurithi shule za namna ile, na raga yake imebaki zaidi Dar es Salaam na Arusha. Huko Nyakahura mkoani Kagera, kwenye barabara iendayo Ngara na mpaka wa Rusumo, mtoto hupanda ngazi ya UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, na kisha UMISSETA, ya sekondari, kwa soka, netiboli, wavu au riadha. Mkoa huo nao una kampuni ya sukari iliyolea timu, lakini ni ya soka: Kagera Sugar, iliyocheza Ligi Kuu kwa miaka mingi ikiutumia uwanja wa Kaitaba, Bukoba.

Njia rahisi ya kuanzia shule ya msingi ni raga ya utepe. Mtoto huvaa tepe mbili kiunoni. Mpinzani akichomoa mmoja, mbio zimekatishwa na mpira lazima utolewe kwa mwenzake. Hakuna kuangushana, wavulana na wasichana hucheza pamoja, na kiwanja cha soka cha shule kinatosha. Kinachohitajika ni mwalimu aliyefunzwa, mpira wa umbo la yai, na shule jirani ya kushindana nayo.