Wilaya ya 13: Chaguzi zilizoamuliwa kabla ya siku ya kura

Mwaka 1996 ulikuwa ndiyo kwanza umeanza pale vijana wa kampeni ya mgombea mmoja wa Chicago walipopiga kambi kwenye ofisi za tume ya uchaguzi ya jiji. Kazi yao ilikuwa kupekua fomu za wagombea wengine na kulinganisha saini za wadhamini na daftari la wapiga kura, mstari kwa mstari. Saini moja iliwekewa pingamizi kwa sababu mwenyewe hakuwa ameandikishwa. Nyingine ilikuwa ya mtu anayeishi nje ya mpaka. Nyingine ilianguka kwa sababu mwenye jina aliliandika kwa herufi za kuchapa badala ya kutia saini. Kazi ilipokwisha, wapinzani wote wanne walikuwa wameenguliwa. Mwanasheria wa miaka 34, Barack Obama, akabaki peke yake kwenye mchujo wa chama cha Democratic.

Afrika Mashariki inaijua vizuri safari ya mtoto huyu wa msomi kutoka Kogelo, Siaya, kuanzia pale alipokuwa tayari na jina kubwa. Ngazi yake ya kwanza, kiti cha wilaya ya 13 katika Seneti ya jimbo la Illinois, haisimuliwi sana. Historia ya kiti hicho, kabla yake na baada yake, ni somo zuri la namna uchaguzi unavyoweza kwisha kabla mpiga kura hajafika kituoni.

Seneti tunayoizungumzia si ile ya Washington. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake, na la Illinois hukutana Springfield, mwendo wa kilomita zipatazo 320 kutoka Chicago. Seneti yake ina viti 59. Kila wilaya ya seneti hukatwa vipande viwili, na kila kipande humtoa mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi lenye watu 118. Kwa sensa ya mwaka 2000, seneta mmoja alisimama kwa niaba ya watu wapatao 210,000. Katika kila muongo seneta hupata mihula miwili ya miaka minne na mmoja wa miaka miwili, ili baada ya sensa mipaka ichorwe upya na viti vyote vigombewe kwa mara moja.

Wilaya ya 13 ya wakati huo ilikuwa upande wa kusini wa Chicago. Ndani yake mlikuwa na Hyde Park, penye Chuo Kikuu cha Chicago na wasomi wa kila rangi. Kenwood na nyumba zake kubwa. South Shore kando ya Ziwa Michigan. Na kuelekea magharibi, mitaa ya Englewood iliyokuwa imeelemewa na umaskini. Wakazi wake wengi walikuwa Wamarekani weusi, watoto na wajukuu wa waliohama kutoka majimbo ya kusini kutafuta kazi viwandani. Chama kilikuwa kimoja tu chenye nguvu. Aliyeteuliwa na Democratic alishahesabiwa seneta, kwa hiyo vita yote ilikuwa kwenye mchujo.

Kwa karibu robo karne eneo hilo liliwakilishwa na Richard Newhouse, mwanasheria aliyechaguliwa mwaka 1966. Alikuwa Democrat, lakini hakuwa mtu wa mtandao wa Meya Richard J. Daley, mtandao uliogawa kazi, zabuni na vyeo jijini. Mwaka 1975 alidiriki kumkabili Daley mwenyewe kwenye mchujo wa umeya, akashindwa. Alipoachia kiti mwaka 1991, sheria ya Illinois haikutaka uchaguzi mdogo. Viongozi wa chama katika wilaya hukutana na kumteua mtu wa chama kile kile kujaza nafasi. Walimteua Alice Palmer, mwalimu na mwanaharakati aliyeheshimika sana kusini mwa jiji.

Palmer angeweza kukaa miaka mingi. Lakini Agosti 1995 mbunge wa Congress wa eneo jirani, Mel Reynolds, alitiwa hatiani kwa makosa ya ngono, akajiuzulu. Palmer alikuwa tayari kwenye kinyang'anyiro cha kiti hicho cha Washington, na kiti chake cha Springfield kikaonekana kiko wazi. Obama, ambaye mwaka 1992 aliongoza kampeni kubwa ya kuandikisha wapiga kura mjini humo, alitangaza nia Septemba 1995, na Palmer akamuunga mkono.

Mambo yaligeuka Novemba 28, 1995. Katika mchujo wa kiti cha Congress, Jesse Jackson Mdogo alishinda, Emil Jones akawa wa pili, Palmer wa tatu. Wafuasi wa Palmer walitaka arejee kwenye kiti chake cha zamani, na wakamwomba Obama ampishe mama. Kwa mila za siasa za mtaa, kijana angesubiri zamu yake. Obama alikataa. Fomu zake zilikuwa na saini zaidi ya 3,000, na alizirudisha siku ya kwanza kabisa ya kupokea fomu, katikati ya Desemba. Palmer alikimbizana na muda, akarudisha zake siku ya mwisho zikiwa na saini 1,580.

Kiwango cha kisheria kilikuwa saini halali 757 tu, kwa hiyo kwa hesabu ya juu juu Palmer alikuwa amevuka mara mbili. Lakini saini zilizokusanywa mbiombio huwa na makapi. Pingamizi zilipochambuliwa, alipungukiwa saini zipatazo 200, akajiondoa. Mgombea mwingine, Gha-is Askia, alikuwa amewasilisha saini 1,899 na akaanguka kwa upungufu wa saini 69. Mpishano ni mdogo hivyo. Watu hao hawakushindwa kwa hoja wala kwa kura. Walishindwa kwa karatasi.

Je, ilikuwa haki? Sheria ilifuatwa, na Obama mwenyewe alijitetea hivyo miaka kadhaa baadaye, kwamba walitii kanuni zilizokuwepo. Masharti ya wadhamini yana maana yake pia, kwani huzuia majina ya kubuni na wagombea wa mzaha. Hata hivyo ni vigumu kupita bila kuona kinaya chake. Mtu aliyejijengea jina kwa kuwaandikisha watu wapige kura alianza siasa kwa uchaguzi ambao wapiga kura hawakuwa na wa kuchagua. Mchujo ulipofika Machi 1996, alipata kura 16,279, bila mpinzani.

Novemba ilikuwa ya kukamilisha taratibu. Obama alipata kura 48,592, sawa na asilimia 82. Wa pili hakuwa Republican. Alikuwa mgombea wa chama kidogo kilichobeba jina la Harold Washington, meya wa kwanza mweusi wa Chicago, aliyepata kura 7,461. Republican aliambulia 3,091. Mwaka 1998, muhula mfupi ulipokwisha, Obama alirudi kwa asilimia 89.

Ushindi wa namna hiyo hupumbaza. Mwaka 2000 alimvaa Bobby Rush, mbunge wa Congress na kiongozi wa zamani wa Black Panther mjini Chicago, kwenye mchujo wa chama. Safari hii hapakuwa na fomu za kuwaondoa watu njiani. Rush alizoa asilimia 61, Obama 30. Wapiga kura wengi weusi walimwona kama mtu wa Hyde Park, wa chuo kikuu, ambaye bado hajakaa nao vya kutosha.

Baada ya kipigo hicho ikaja zamu ya ramani. Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 inasema bunge likishindwa kukubaliana mipaka mipya, iundwe tume ya watu wanane, wanne kwa kila chama kikubwa. Nayo ikikwama, majina mawili, moja kwa kila chama, hutiwa kwenye chombo na moja likachomolewa hadharani. Mwaka 1991 bahati iliwaangukia Republican, na uchaguzi uliofuata wakauteka uongozi wa Seneti na kuushika miaka kumi. Ndiyo maana miaka sita ya kwanza ya Obama ilikuwa ya upinzani, ambako miswada mingi ilifia makabatini. Septemba 2001 waziri wa jimbo, Jesse White, alichomoa jina kutoka kwenye kofia ya mfano wa ile ya Abraham Lincoln. Lilikuwa la Michael Bilandic, meya wa zamani wa Chicago na Democrat.

Wakati wachoraji wa chama wakiandaa mipaka, Obama naye alikaa nao mbele ya kompyuta kuangalia ya kwake. Wilaya mpya ya 13 haikwenda tena magharibi kuelekea Englewood. Ilipanda kaskazini kando ya ziwa, ikapita katikati ya jiji, ikafika Gold Coast, makazi ya matajiri. Wapiga kura weusi walibaki nguzo yake, lakini sasa ilikuwa pia na wanasheria wakubwa, wafanyabiashara na watu wenye uwezo wa kuchangia kampeni. Mwanasiasa aliyekuwa na madeni ya kampeni ya 2000 alipata mtaji wa ndoto kubwa zaidi. Mwaka 2002 alipita bila kupingwa, katika mchujo na katika uchaguzi mkuu pia.

Ramani hiyo hiyo iliwarudishia Democratic Seneti nzima. Januari 2003 Emil Jones, yule wa pili wa mwaka 1995, akawa rais wa Seneti, na akamkabidhi Obama miswada yenye uzito. Mmoja ulilazimisha polisi kurekodi mahojiano ya watuhumiwa wa mauaji, sheria iliyotazamwa kama mfano na majimbo mengine. Novemba 2004 Obama alichaguliwa seneta wa Washington kwa asilimia 70 za kura za Illinois, na kiti cha Springfield kikabaki wazi.

Utaratibu wa mwaka 1991 ukarudi. Viongozi wa chama walikutana, wakamteua Kwame Raoul, mwanasheria mzaliwa wa Chicago, mtoto wa wazazi waliotoka Haiti. Alikaa miaka 14, mpaka alipochaguliwa mwanasheria mkuu wa jimbo. Januari 2019 chama kikateua tena, safari hii Robert Peters, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waliosukuma sheria iliyofuta dhamana ya fedha taslimu. Septemba 2023 Illinois ikawa jimbo la kwanza kuifuta kabisa.

Hesabu basi watu wanne waliofuatana baada ya Newhouse. Watatu, Palmer, Raoul na Peters, waliketi kwanza kwa uamuzi wa kikao cha chama, ndipo wakaomba kura wakiwa tayari na cheo. Wa nne alipata uteuzi wa chama akiwa peke yake kwenye karatasi ya mchujo. Hawakuwa wawakilishi wabovu. Rekodi za baadhi yao zingelitia fahari jimbo lolote. Ila anayetaka kujua mamlaka yalikabidhiwa lini hatayapata majibu kwenye matokeo ya Novemba. Atayapata kwenye tarehe ya kurudisha fomu, kwenye chumba cha wachora mipaka na kwenye kikao cha kujaza nafasi. Wakazi wa kusini mwa Chicago walionyesha mwaka 2000 kwamba wakipewa wagombea wa kweli wanajua kuchagua, hata kama atakayeanguka ni rais wa kesho. Katika wilaya ya 13, nafasi ya namna hiyo wameipata kwa nadra.