Muhogo Mchungu: Sinema za Gharama Ndogo na Safari ya Mwigizaji Mmoja

Historia ya Kiswahili aghalabu huandikwa kwa kufuata kamusi, kamati na shule. Sinema za gharama ndogo hutajwa kwa nadra, kana kwamba zilikuwa burudani tu ya jioni. Hata hivyo, katika Tanganyika ya kikoloni, sinema hizo zilimweka mbele ya watazamaji kijana ambaye baadaye angeiamuru serikali nzima itumie Kiswahili.

Mradi wa mwanzo ulifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937, ukiongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham. Zilitengenezwa filamu 35. Ili kupunguza gharama, picha zilipigwa bila sauti, na maneno yakarekodiwa kando katika santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika. Waigizaji walikuwa wenyeji. Uso wa mwigizaji ulibaki katika mkanda, nayo lugha ikabaki katika santuri. Mtazamaji akamwona mtu aliyesemewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilishirikiana na kampuni ya African Film Productions ya Afrika Kusini kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Miongoni mwa hizo ni Muhogo Mchungu, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, mtumishi wa serikali aliyezaliwa kusini mwa nchi na kusoma Tabora. Hadithi yenyewe ni ya mshamba aingiaye Dar es Salaam na kuangukia mikononi mwa wajanja wa mjini. Jina la filamu halikuhitaji ufafanuzi kwa mkulima yeyote: muhogo mchungu ni chakula, lakini humdhuru alaye kwa pupa kabla ya kuutayarisha.

Umaarufu wa Kawawa ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1955 alikuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Tanganyika. Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Januari 1967, akiwa Makamu wa Pili wa Rais, alitangaza kwamba shughuli zote za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili, na Kiingereza kisitumiwe pasipo lazima.

Haifai kudai kwamba filamu ilizaa agizo hilo. Agizo lilitokana na siasa ya TANU na haja ya taifa changa. Lakini yafaa kukumbuka kwamba aliyelitoa aliwahi kukibeba Kiswahili mbele ya kamera, mbali na mafaili ya ofisi, na kukitumia kuchekesha, kuhuzunisha na kuonya watu wa makabila mbalimbali. Alikuwa amekwisha kuijaribu lugha hiyo kabla ya kuiamrisha.

Hapa pana funzo kwa mwanafunzi wa isimu. Sarufi na kamusi za wakati ule huonyesha lugha iliyosanifiwa. Filamu hizo zilichukua lugha ya mazungumzo, pamoja na mizaha na hila zake. Walizitengeneza wakoloni kwa malengo yao, na kwa fedha kidogo. Atakayezidharau kwa sababu hizo atakuwa ameiandika historia ya Kiswahili na kuwaacha nje waliokisema.