Sinema za Krismasi na Njia ya Kurudi Nyumbani

Kila Desemba, mvua zikiwa zimekolea na maharage ya msimu wa kwanza yakianza kukauka shambani, vijana wetu hapa Kibondo hurushiana kwenye simu sinema za Krismasi kutoka Marekani. Nyingine huja na sauti ya mtafsiri aliyeingiza Kiswahili juu yake, nyingine huja na Kiingereza chake na watazamaji hujitafsiria wenyewe. Aliyeona moja ameona nyingi. Binti ana kazi kubwa mjini na mchumba asiyemjali. Jambo fulani linamrudisha kwenye mji mdogo alikozaliwa, ambako duka la baba au nyumba ya wageni ya bibi iko karibu kufungwa. Hapo yupo kijana mpole, fundi seremala, mara nyingi mgane mwenye mtoto mmoja. Karibu na mwisho wanakosana kwa jambo ambalo maneno mawili yangelimaliza. Usiku wa mkesha wanapatana, wanabusiana, na theluji inaanguka.

Tusizicheke haraka. Hizi ni sinema ambazo bibi anaweza kuzitazama pamoja na wajukuu bila mtu kuinamisha macho kwa aibu. Hakuna damu, hakuna matusi, na waliogombana miaka kumi husameheana. Tena zinamheshimu mtu wa mashambani, jambo ambalo filamu nyingi za Dar es Salaam hazijatufanyia: humo kijiji huwa ni mahali pa uchawi na ushamba, na sisi wa mwisho wa reli tumechekwa vya kutosha. Katika sinema hizi ni mtu wa mjini anayerudi kijijini kujifunza kuishi. Na zaidi ya yote zinagusa hamu ambayo kila mzazi wa Kibondo anaijua, ya kusikia basi limesimama barabarani na mtoto anashuka na begi.

Lakini sinema hizi zina historia, na historia hiyo inatuhusu kama watu wa kanisa. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1951, kituo cha NBC cha Marekani kilirusha opera fupi ya Gian Carlo Menotti iitwayo Amahl and the Night Visitors. Aliyeigharamia ni Hallmark, kampuni ya kadi za salamu. Ni habari ya mtoto maskini mwenye ulemavu, anayetembea kwa gongo na kuishi na mama yake mjane. Wafalme watatu wanaomfuata Mtoto aliyezaliwa wanaomba malazi kwao. Usiku, wageni wakiwa wamelala, yule mama anaitazama dhahabu yao, anamfikiria mwanawe mwenye njaa, na mkono wake unanyooka kuiba. Anakamatwa, anasamehewa, na mtoto anatoa kitu pekee alicho nacho ili kipelekwe Bethlehemu: gongo lake. Hapo ndipo anapopona.

Miaka 20 baadaye, tarehe 19 Desemba 1971, kituo cha CBS kilionyesha The Homecoming. Ni mkesha wa Krismasi mwaka 1933, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, katika milima ya Virginia. Baba amekwenda mbali kutafuta kazi, na hajafika. Redio inatoa habari za ajali ya basi. Mama anamtuma kijana wake mkubwa usiku, kwenye theluji, akamtafute baba. Mapenzi yapo humo, lakini ni ya mke anayesikiliza kila mlio wa nje.

Kisha mambo yakageuka. Katika miaka ya 1980 madhehebu ya Marekani yalianzisha chaneli zao za televisheni: Wabaptisti wa Kusini walikuwa na ya kwao, na makanisa mengine pamoja na Wayahudi walikuwa na nyingine. Mwaka 1992 chaneli hizo mbili zikaungana, na mwaka 1998 kampuni ya Hallmark ikanunua hisa humo. Agosti 2001 chaneli hiyo ikaitwa Hallmark Channel. Mwaka 2009 ilianzisha msimu wake mkubwa wa sinema za Krismasi, na ilipofika 2019 chaneli mbili za kampuni hiyo zilitoa sinema mpya 40 kwa msimu mmoja. Nyingi hupigwa Kanada, baadhi wakati wa kiangazi, theluji ikiwa ya kutengenezwa na waigizaji wakitokwa jasho ndani ya makoti. Kwa hiyo mahali palipokuwa pa mahubiri ndipo palipozaliwa kiwanda hiki. Hatudhani kuna aliyekaa akapanga kumwondoa Mtoto horini. Kinachouzika kilibaki, na kisichouzika kikapungua mwaka hadi mwaka, mpaka zikabaki taa, biskuti na wachumba.

Sasa tuilete habari hii kwetu Buha, maana sisi nasi tuna historia yetu ya kwenda na kurudi. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Chini ya utawala wa Waingereza, nchi yetu ilihesabiwa kuwa ghala la watu wa kufanya kazi kwingine. Wanaume wa Kibondo na Kasulu walitembea kwa miguu hadi relini, wakapanda treni kuelekea mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka kwao. Kodi ilikuwa inadaiwa kwa fedha, na fedha haikuwapo nyumbani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya pamoja ya kuandikisha watu, iliyojulikana kama SILABU, nayo iliwafuata wazee wetu huku huku. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba.

Wengine walirudi na baiskeli, blanketi na kitenge cha mama. Wengine walirudi wagonjwa. Na wengi hawakurudi kabisa. Walioa huko, wakazeeka huko, na hadi leo Korogwe na Muheza kuna vitongoji vya wajukuu wa Waha ambao hawajawahi kuiona Kibondo. Huku nyuma alibaki mwanamke mwenye watoto na jembe, asiyejua kama ni mke au ni mjane. Makanisa ya Buha yaliyokua katika miaka hiyo yalijaa wanawake wa namna hiyo. Walipoimba Krismasi, hawakuwa na uhakika kama kuna mtu njiani.

Hapo ndipo tunapoona upungufu wa sinema hizi, na si katika busu la mwisho, ambalo wahubiri wengi hulishupalia. Ndani yake hakuna ambaye hakurudi. Nauli haipandi. Hakuna anayeshindwa kuja kwa kuona haya kwamba hana cha kuwaletea watoto. Hakuna washenga wala mahari, hakuna baba mkwe anayesema subiri, wala majina kutangazwa kanisani; wawili wanatazamana na jambo limekwisha. Kijana anayejifunzia uchumba humo atashangaa sana Januari.

Injili zenyewe zina safari ya kurudi nyumbani na zina uchumba, lakini tazama jinsi zilivyo. Yusufu alipanda Bethlehemu, mji wa ukoo wake, ili aandikwe katika hesabu ya watu wa Kaisari. Wazee wetu waliondoka nyumbani wakapewa namba. Yeye alirudi nyumbani akahesabiwe. Na huko kwa baba zake, ambako kwa desturi yetu angepokewa na shangazi watatu wakigombania mizigo, hakupata nafasi. Kabla ya hapo alikuwa ameshakusudia kumwacha Mariamu kimya kimya asimwaibishe, kwa mimba ambayo hakuielewa. Lile halikuwa kosa la kusikia nusu ya mazungumzo mlangoni. Alimchukua mchumba wake akijua majirani watasema nini, na Mathayo hatuambii kwamba majirani waliwahi kunyamaza.

Vijana wetu wataendelea kuzitazama sinema hizi, na sisi hatuoni sababu ya kuwapokonya simu. Tungependa tu kwamba jioni moja ya Desemba wakae na bibi mmoja wa mtaani awasimulie nani katika ukoo alikwenda Tanga, na barua ya mwisho ilisemaje.

Wapo pia jirani zetu. Kambi ya Nduta ilifunguliwa tena Oktoba 2015 kuwapokea Warundi waliokimbia, baadhi yao wakiwa watoto wa wale waliopita njia hii hii mwaka 1972. Krismasi ya mwaka ule waliimba chini ya maturubai, mvua ikinyesha, kwa Kirundi ambacho sisi Waha tunakielewa karibu chote. Aliyewasomea sura ya pili ya Mathayo hakuwa na haja ya kuwaeleza kwa nini Yusufu aliondoka usiku.