Nasaba Mnadani: Soko la Southall na Farasi wa Kiarabu

Mwaka 1698 Mfalme William wa Tatu alimpa Francis Merick hati ya kuendesha soko la kila wiki huko Southall, magharibi ya London, na soko hilo, ambalo William Welch alilijenga upya mwaka 1805, lilikua mpaka likashika nafasi ya pili baada ya Smithfield katika kuuza mifugo ya kuchinjwa. Farasi nao walikuwa na siku yao, Jumatano, na mnada wao uliendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 21, wakati mitaa iliyolizunguka soko ilikuwa imekwisha kuwa makazi ya Wapunjabi, wakiwamo maelfu waliotoka Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972.

Mnada wa namna hii haukuipa nasaba bei yoyote. Mnunuzi alimfungua farasi kinywa akakadiria umri kwa meno, akapapasa miguu, akainua kwato, kisha akataka mnyama akimbizwe mbele yake ili aone kama anachechemea; jina la baba wa farasi hakuwa na haja ya kuliuliza. Hilo halikuwa jambo la ujinga. Farasi wa mkokoteni kwa kawaida alikuwa amehasiwa, na mnyama asiyezaa hudaiwa kazi yake tu, ambayo mwili wenyewe huionyesha. Nasaba hununuliwa kwa ajili ya kile kisichoonekana, yaani watoto watakaozaliwa, na kwa hiyo thamani yake huanza pale mnunuzi anapokusudia kuzalisha.

Hata farasi wa Kiarabu mwenye asili ya kifalme aliweza kununuliwa kwa jicho tu. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar ambaye Waingereza walimwita Imamu wa Muscat, alimpelekea Malkia Victoria farasi wa Kiarabu, na mmoja wao, aliyeitwa Imaum, alipewa ofisa wa mazizi ya malkia, akauzwa katika mnada wa Tattersalls, akaishia mikononi mwa mchoraji John Frederick Herring, aliyemfanya kielelezo cha michoro yake. Jina la farasi huyo lilimtaja aliyemtoa zawadi, si mama aliyemzaa. Na kwa mchoraji, shingo na pua vilitosha.

Kwa Mabedui wa Bara Arabu mambo yalikuwa kinyume kabisa. Wao waliwagawa farasi katika koo, kama vile Kuhaylan, Saqlawi, Abayyan, Hamdani na Hadban, na mtoto alirithi ukoo wa mama, si wa baba, kwa kuwa majike ndio waliotunzwa hemani na kuzuiwa wasiuzwe, ilhali madume waliuzwa kwa wageni bila uzito mkubwa. Farasi alipouzwa, mashahidi walitia mihuri kwenye hujja, yaani hati ya kuapia usafi wa ukoo wake, ambayo nguvu yake haikuzidi uaminifu wa walioitia mihuri.

Lady Anne Blunt na mumewe Wilfrid walinunua farasi kwa utaratibu huo huko Syria, na mwaka 1878 wakaanzisha zizi la Crabbet katika jimbo la Sussex, ambako ushahidi wa mdomo uligeuzwa kuwa daftari la vizazi. Hapo ndipo uzalishaji wa ndani ya ukoo ulipopata umbo linaloweza kuhesabika: mzalishaji huchagua babu mmoja bora, kwa mfano dume Mesaoud aliyeletwa kutoka Misri mwaka 1891, kisha huwapandanisha wazao wake walio mbali kidogo ili damu ya babu huyo isipungue haraka. Babu wa kawaida huchangia wastani wa robo ya urithi. Akitokea upande wa baba na wa mama pia, mchango wake hufikia nusu. Aliyeko kizazi cha tano nyuma, na asiyejirudia, huchangia kama asilimia 3 tu, kwa hiyo muuzaji anayetamba na jina moja tukufu la zamani huwa anauza jina zaidi kuliko farasi.

Kinachokaza sifa ndicho kinachokaza kasoro. Watoto wa baba mmoja na mama tofauti wakipandanishwa, mtoto wao ana uwezekano wa asilimia 12.5, katika kila sehemu ya urithi wake, wa kupata nakala mbili za kitu kile kile kilichotoka kwa babu. Farasi wa Kiarabu wana ugonjwa wa kurithi unaomnyima mtoto kinga ya mwili, naye hufa akiwa na miezi michache. Wazazi wanaoubeba huonekana wazima, na jaribio la Southall, la meno, miguu na mwendo, lisingewagundua kamwe. Kipimo cha vinasaba kilichopatikana mwishoni mwa miaka ya 1990 ndicho kilichowapa wanunuzi njia ya kuuliza swali ambalo hujja wala daftari havikuweza kulijibu.

Mwaka 2004 kanuni za Uingereza zilidai pasi kwa kila farasi, hata poni wa mchuuzi, na hivyo karatasi ikaingia katika mnada wa Jumatano muda mfupi kabla mnada wenyewe haujafungwa. Pasi hiyo humtambulisha mnyama kwa rangi, alama na umri wake, lakini nafasi ya wazazi inaweza kuachwa tupu.